Kufuli Ligawe, Ufunguo Lala Nao: Vidokezo vya Kufunga Barua Pepe kwenye Simu

Utotoni tulikuwa na lugha ya kuwafungia wakubwa nje: kinyume. Unachukua silabi ya mwisho ya neno, unaitanguliza mbele, basi. "Twende dukani" inakuwa "ndetwe niduka", na mtu mzima aliyekaa mkekani anabaki kukodoa macho. Kilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, anayejua kukifunga anajua na kukifungua, kwa hiyo mtoto mmoja akihongwa andazi, siri ya mtaa mzima imekwenda. Pili, neno "mama" ukiligeuza linabaki "mama". Tukisema "mama jaanaku", mama haelewi tunasema nini, ila anajua fika kwamba anasemwa yeye.

Kasoro ya kwanza iliwasumbua hata majenerali. Kabla ya kutumiana ujumbe wa siri, ilibidi kwanza mpeane ufunguo wa siri, na njia ya kupeana huo ufunguo ndiyo hiyo hiyo isiyoaminika. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wakachapisha wazo la kutenganisha funguo: mmoja wa kufungia, mwingine wa kufungulia. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa MIT wakaja na hesabu ya kulitekeleza, inayoitwa RSA kwa herufi za majina yao. (Waingereza walikuwa wameshafika. Clifford Cocks wa GCHQ, shirika lao la ujasusi, alibuni hesabu ya namna hiyo mwaka 1973, ikafungiwa kabatini hadi 1997. Mbinu ya kutunza siri nayo ikawa siri.) Mwaka 1991 Phil Zimmermann akatoa PGP, programu iliyouleta usimbaji huu kwenye barua pepe za watu wa kawaida, na serikali ya Marekani ikamchunguza hadi mwanzoni mwa 1996, kwa sababu sheria zao wakati ule ziliiweka programu ya aina hiyo kundi moja na silaha zinazovuka mpaka.

Mimi sina silaha. Nilikuwa na kiwanja cha familia ya mke wangu cha kuuza, na shemeji yangu aliyeko Muscat, na rundo la nyaraka za kutumiana: hati, picha za pasipoti, namba za akaunti. Sote wawili kila kitu tunakifanyia kwenye simu. Haya ndiyo tuliyojifunza, mengine kwa kuumia.

1. Jua unachogawa na unachoficha

Wataalamu wanasema "ufunguo wa umma" na "ufunguo binafsi", na majina hayo ndiyo yanayowachanganya watu, maana ufunguo wa umma haufungui barua. Ufikirie kama kufuli la kubana, lile unalolisukuma likalia "kwa!" bila kuhitaji ufunguo. Chukua makufuli elfu ya namna hiyo, yagawe yakiwa wazi: kwa shemeji, kwa wakili, hata kwa jirani usiyemsalimia. Anayetaka kukuandikia anatia barua sandukuni, anabana kufuli lako, analituma. Ufunguo wa kulifungua ni mmoja, na uko kwako.

Ufunguo binafsi una kazi ya pili: kutia sahihi. Ukiitia sahihi barua yako kwa huo, kila mwenye ufunguo wako wa umma anaweza kuthibitisha kwamba imetoka kwako na kwamba hakuna aliyebadilisha hata nukta njiani. Kwa mtu anayetuma namba ya akaunti ya kulipia kiwanja, hiyo nukta ina thamani.

Ukihamisha faili la ufunguo, lifungue kwanza utazame mstari wa juu. Ukiona neno PUBLIC, tuma. Ukiona PRIVATE, ondoa kidole. Rafiki yangu mmoja alilituma la PRIVATE kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kisha akaandika: "Samahani, futeni." Alitengeneza mpya siku hiyo hiyo, na alifanya vizuri.

2. Kufuli la basi si kufuli la kifurushi

Programu ya barua pepe kwenye simu yako huenda inakuambia muunganisho ni salama. Ni kweli, ila jua usalama huo unaishia wapi. Ni kama kifurushi unachokipeleka Mwanza kwa basi. Buti imefungwa, njiani hakuna wa kukigusa. Lakini kila ofisi ya stendi kinaposhushwa, karani anaweza kukifungua akaangalia, akakifunga tena. Ndivyo ilivyo TLS: inalinda barua kati ya simu yako na seva, na mara nyingi kati ya seva na seva, lakini ndani ya seva yenyewe barua inasomeka.

Usimbaji wa ufunguo wa umma unafunga kifurushi chenyewe. Karani anaona sanduku tu.

Hata hivyo buti nayo ifungwe. Ukiweka akaunti kwa mkono, chagua SSL/TLS: kwa kawaida ni mlango 993 wa kupokelea kwa IMAP na 465 wa kutuma. Dakika moja, umemaliza.

3. Chagua programu moja, uielewe, uache kuhamahama

Kuna familia mbili, na hazielewani. OpenPGP ni ile iliyotokana na kazi ya Zimmermann: unajitengenezea funguo mwenyewe, na kuaminiana mnamalizana nyinyi kwa nyinyi. S/MIME inataka cheti kutoka kwa mamlaka ya vyeti, na ndiyo inayopendwa na maofisi makubwa.

Kwa Android, Thunderbird (iliyotokana na K-9 Mail, ikatolewa mwaka 2024) ikishirikiana na OpenKeychain inafanya OpenPGP vizuri. FairEmail inazijua zote mbili. Kwenye iPhone, programu ya barua iliyokuja na simu inafanya S/MIME tangu 2011. Proton Mail, ya Uswisi, hutengeneza na kutunza funguo kwa niaba yako, na watumiaji wake wakiandikiana barua hujifunga zenyewe.

Ushauri wangu: kama mwajiri amekupa cheti, tumia S/MIME bila maneno mengi. Kama mnaanza kutoka sifuri na mwenzako anaogopa mipangilio, fungueni Proton wote wawili. Mnaotaka ufunguo ukae mikononi mwenu wenyewe, nendeni na OpenPGP. Shemeji na mimi tulichagua hiyo, na wiki ya kwanza tulijuta.

4. Ufunguo mwembamba unatosha

Mwaka 1977 wagunduzi wa RSA waliweka hadharani ujumbe uliofungwa kwa namba yenye tarakimu 129, wakaahidi dola 100 kwa atakayeufungua. Ilidhaniwa ungekaa mamilioni ya miaka. Mwaka 1994 watu wa kujitolea wapatao 600, wakiwa wameunganisha kompyuta zao kwa intaneti, waliufungua baada ya miezi kama minane. Kwa hiyo namba zikarefushwa: RSA ya biti 3072 ya leo ina tarakimu zaidi ya 900.

Kwenye simu huhitaji kubeba gogo hilo. Programu ikikupa nafasi ya kuchagua, chukua ufunguo wa Curve25519, uliotokana na kazi ya Daniel J. Bernstein. Una biti 256 tu, na nguvu yake inakaribia ile ya RSA ya biti 3072, kwa kuwa hesabu yake ni ya namna nyingine.

Na kama unahofia chaji, jua kwamba barua yenyewe haifungwi kwa ufunguo wa umma. Hesabu hiyo ni nzito mno kwa skani ya hati ya kurasa ishirini. Simu hubuni ufunguo mdogo wa kutumika mara moja, hufungia barua kwa huo, kwa njia nyepesi kama AES, kisha huchukua ule mdogo na kuufunga kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji. Ukiwaandikia ndugu watano, barua inafungwa mara moja, ufunguo mdogo unafungwa mara tano.

5. Fundi simu anakujua kuliko mkeo

Hapa ndipo simu inapotofautiana na kompyuta ya mezani. Ufunguo wako binafsi unapanda daladala, unaingia sokoni, unasahaulika juu ya kaunta ya duka la dawa.

Nilipeleka simu kubadilisha kioo, Kariakoo. Kijana akaipokea, akaigeuzageuza, akasema, "Sawa bosi, niandikie na paswedi nijaribu tachi." Nikaitaja. Akakata kipande cha utepe wa karatasi, akaiandika kwa kalamu nene, akaibandika mgongoni mwa simu. Kisha akaiweka kwenye trei pamoja na simu nyingine tisa, kila moja na utepe wake, na kila anayepita kuulizia chaja anasoma. Nilikaa pale saa mbili nzima nikiitazama trei.

Kosa halikuwa lake. Kujaribu tachi ndiyo kazi. Kosa ni langu: nywila ya kufungulia skrini na ile ya ufunguo binafsi zilikuwa moja. Zitenganishe. Ya ufunguo iwe ndefu, maneno matano au sita yasiyohusiana, utakayoyakumbuka wewe peke yako. Methali usitumie hata kidogo. "Haraka haraka haina baraka" ina herufi nyingi, lakini mwizi anayejua Kiswahili ataanza hapo hapo.

Programu itakuuliza ikumbuke nywila kwa muda gani. Kishawishi ni kusema hadi simu itakapozimwa, na wengi wetu simu hatuzizimi mwaka mzima. Dakika kumi zinatosha kusoma barua. Na kabla ya kumpa fundi, ondoa ufunguo kwenye simu, ukiwa tayari na nakala kama nitakavyoeleza kwenye namba 9.

6. Someaneni alama, kwa sauti

Kufuli lililoandikwa jina la shemeji linaweza kuwa la mtu mwingine. Yeyote anaweza kutengeneza ufunguo wa umma, akauandikia jina na anwani ya mwenzako, akakurushia. Utafunga barua kwa uaminifu wote, na mwizi ndiye atakayeifungua. Anaweza hata kuifunga tena kwa ufunguo halisi wa shemeji na kuipeleka, nyote msijue kitu. Hesabu iko sawasawa, isipokuwa mlango ni wa nyumba nyingine.

Dawa yake ni alama ya kidole ya ufunguo. Katika funguo nyingi za OpenPGP ni herufi na tarakimu 40, zilizogawanywa vifungu kumi vya nne nne, zikitumia 0 hadi 9 na A hadi F. Mpigie mwenzako, kwa sauti unayoijua, msomeane. Usimtumie kwa barua pepe ile ile, maana anayeweza kubadilisha ufunguo anaweza kubadilisha na alama.

Sisi tulisomeana usiku, feni ya shemeji ikivuma kule Muscat. Kifungu cha tatu tukakwama: "Shem, umesema B au D?" Tukatunga orodha yetu: A ya Amani, B ya Bububu, C ya Chwaka, D ya Dole, E ya embe, F ya Fuoni. Unguja nzima tuliipita. Kilichobaki kutusumbua ni "sita" na "tisa", ambazo kwenye laini mbovu ni mapacha, hadi tukakubaliana tisa iwe "kumi kasoro". Ilichukua dakika sita, au tisa.

Kama unachukua funguo kwenye hazina ya keys.openpgp.org, inayofanya kazi tangu 2019, wao huhakikisha kwamba aliyeweka ufunguo ana uwezo wa kufungua sanduku hilo la barua. Ni afadhali kuliko hazina za zamani zilizopokea chochote. Bado kusomeana hakuna mbadala.

7. Kichwa cha barua kiko uchi

Umeikumbuka "mama" isiyogeuka? Barua iliyosimbwa ina "mama" zake: jina la mtumaji, la mpokeaji, saa iliyotumwa, na mara nyingi hata kichwa cha habari. OpenPGP na S/MIME za kawaida hufunga mwili na viambatisho tu. Programu kadhaa siku hizi hukificha kichwa, ila usitegemee kwamba ya mwenzako inafanya hivyo. Andika "Habari", au "Salamu", au nukta tatu.

Jambo jingine ni taarifa zinazotokeza juu ya skrini ikiwa imefungwa. Zima zile zinazoonyesha maneno ya barua. Umeifunga barua kwa hesabu iliyowatoa jasho maprofesa, halafu kichwa chake kinasomwa na mwenzako wa kiti cha dirishani.

8. Zima picha za mbali

Mei 2018 watafiti wa Ujerumani na Ubelgiji walitangaza mbinu waliyoiita EFAIL. Kwa kifupi: mwizi anachukua barua yako ya zamani iliyofungwa, anaizungushia maandishi ya HTML, anakurudishia. Simu yako inaifungua kwa utiifu, kisha inajaribu kupakua "picha" ambayo anwani yake imebeba maneno ya siri, na hivyo inampelekea mwizi mwenyewe. Kufuli halikuvunjwa. Mwenye nyumba alifungua mlango, akasoma barua kwa sauti dirishani.

Programu nyingi zimerekebishwa. Wewe sasisha, kataza picha za mbali zisijipakue, na ukiweza soma barua kama maandishi matupu.

9. Nakala na hati ya kifo

Ukisahau nywila ya sanduku la barua, mtoa huduma atakupa nyingine. Ukipoteza ufunguo binafsi, hakuna wa kumpigia. Barua zote zilizofungwa kwa ajili yako zitabaki mchanganyiko wa herufi milele.

Kwa hiyo, siku ile ile unapoutengeneza, toa nakala. OpenKeychain hufunga nakala hiyo kwa msimbo mrefu: faili likae mahali pamoja, msimbo uandikwe kwenye karatasi ikae pengine. Yangu ya karatasi iko ndani ya bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitu pekee nyumbani kwetu ambacho hakijawahi kupotea.

Kisha andaa cheti cha kubatilisha, hati ya kifo cha ufunguo iliyosainiwa kabla ya kifo. Simu ikiibwa, unakichapisha, na wenye ufunguo wako wa umma wakiusasisha wanajua wasiutumie tena. Na uwekee ufunguo tarehe ya mwisho, miaka miwili hivi. Ukiwa hai na unao, utairefusha.

10. Angalia kufuli kabla ya kubonyeza "Jibu"

Mwenzako anakuandikia kwa siri, unamjibu haraka ukiwa kwenye foleni, bila kufunga, na chini ya jibu lako barua yake nzima imenukuliwa. Siri zenu zote mbili zimetoka kwa mkupuo mmoja. Weka mpangilio wa kufunga kila barua kwa watu ambao ufunguo wao unao.

Wala usijione mjinga ikikutokea. Mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha jaribio: watu 12, dakika 90, na PGP 5.0. Watatu kati yao waliituma siri waziwazi wakiwa wanajaribu kuifunga.

11. Maongezi ya kila siku yapeleke kwingine

OpenPGP ina udhaifu ambao watu wake hawapendi kuutaja mapema: atakayepata ufunguo wako leo anaweza kufungua na barua za miaka mitano iliyopita, kama alizihifadhi. Signal na WhatsApp hubadilisha funguo kila mara, hivyo za jana hazifunguliki kwa za leo. Umbea, mipango ya safari, "umefika?" peleka huko. Barua pepe iachie nyaraka na mambo yanayohitaji kumbukumbu na sahihi.

12. Tafuta mtu wa kukosea naye

Kufuli hili linahitaji watu wawili. Mwishoni mwa 2012 Edward Snowden, aliyekuja kufichua siri za ujasusi wa Marekani, alimwandikia mwandishi Glenn Greenwald, bila kujitambulisha, aweke PGP ili waweze kuongea. Greenwald akaahirisha. Snowden akamtengenezea hata video ya maelekezo. Bado. Mwaka 2013 ulipoanza akamwandikia Laura Poitras, mtengenezaji wa filamu ambaye tayari alikuwa na ufunguo, na habari ile kubwa ikapita kwake kwanza. Kwa hiyo usisubiri siku ya jambo zito. Tumianeni kwanza picha ya chakula, mfunge, mfungue, mharibu, mcheke.

Sisi tulifanya mazoezi wiki mbili. Barua ya kwanza ya kweli ya shemeji ilinifikia saa tatu usiku. Imefungwa sawasawa, ina sahihi, alama zote 40 zinalingana. Ila hata kabla sijaandika nywila nilikuwa nimeshakiona kichwa chake kule juu, cheupe kama mchana: "Mnunuzi kakubali, hela anaingiza kesho saa nne, akaunti ile ile ya shangazi."

Nikamjibu kwa maneno mawili: "Mama jaanaku."